Dawa Inapogeuka Kasumba: Vijana, Tembe za Maumivu na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Hapana shaka kwamba suala la vijana na dawa za kulevya limeandikiwa na kuhutubiwa mno humu nchini. Ni nadra kupata baraza la chifu, siku ya wazazi shuleni au mahubiri ya Jumapili ambamo vijana hawaonywi. Hata hivyo, kila mara onyo hilo linapotolewa, macho ya msemaji huelekea vichochoroni: kwa anayevuta bangi, kwa anayejidunga unga, kwa anayelewa chang'aa jua likiwa utosini. Makala hii ingependa kumgeuza msomaji atazame kwingine, yaani ndani ya kabati la nyumbani, mkobani mwa msafiri na juu ya meza ya mwanafunzi, ambako kuna pakiti ya tembe za kutuliza maumivu. Pakiti hiyo haikununuliwa gizani. Ilinunuliwa dukani, mchana, na pengine hata risiti ikatolewa.

Ninazungumzia hasa zile tembe kali ambazo kwa mujibu wa sheria hutolewa kwa cheti cha daktari, kama vile tramadoli na zile zenye kodeini. Dai langu ni hili: mojawapo ya sababu zinazotufanya tushindwe kuliona tatizo la matumizi mabaya ya tembe hizi ni kwamba hatujalipa jina katika lugha tunayoitumia kila siku. Na iwapo ni suala la jina, basi sisi wanakiswahili hatuwezi kuketi kando na kuwaachia madaktari na polisi peke yao.

Yaliyotokea nyumbani kwetu

Naomba radhi kwa msomaji nikianza na ya nyumbani. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, nasi nusura tuumbuliwe.

Mnamo Mei 2022, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alivunjika mguu katika ajali ya bodaboda akitoka chuoni. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alipasuliwa, akatiwa chuma mguuni, na alipotoka hospitalini alipewa kapsuli za tramadoli za miligramu 50 za kutumia kwa siku saba. Siku saba zilipokwisha, maumivu hayakuwa yamekwisha. Aliniomba nimtafutie nyingine. Wakati huo nilikuwa nikifundisha Kiswahili kama mwalimu wa muda katika shule ya upili iliyo karibu na kwetu, na kila mtu katika kile kituo cha biashara alinijua. Nilikwenda kwa kemisti na pakiti tupu mkononi. Mhudumu aliitazama, akanipa nyingine, nikalipa. Hakuniuliza cheti nami sikumwonyesha. Safari ya nne au ya tano hata sikuhitaji kusema neno. Aliponiona tu aliniuliza, "Mwalimu, ni ile ya ndugu yako?" Nilimjibu, "Ndiyo, ni ile ile," na moyoni nikamshukuru kwa ukarimu wake.

Kufikia Agosti mguu ulikuwa umeunga na kijana alikuwa akitembea bila mkongojo. Tembe hazikukoma. Siku hizi anaweza kunieleza kilichokuwa kikimpata, ingawa wakati ule hakuwa na maneno ya kukieleza. Zile kapsuli zilituliza mguu, lakini zilituliza na mengine pia: hofu ya muhula uliompita, aibu ya karo iliyopotea, usiku mrefu wa kulala akiitazama dari. Mbili hazikutosha tena, zikawa nne, nne zikawa nane. Kumbe mbali na zile nilizomletea mimi, alikuwa amepata kemisti wengine wawili katika mji jirani.

Usiku mmoja wa Oktoba alianguka sebuleni, mwili ukakakamaa na kutetemeka, povu likamtoka kinywani. Tulimkimbiza hospitalini kwa gari la jirani. Daktari wa zamu, kijana mwenye upole, alimgeukia mama na kumuuliza swali ambalo kila daktari angeliuliza: "Mama, huyu kijana anatumia dawa gani?"

Mama alijibu kwa haraka, na kwa sauti ya mtu aliyetukanwa: "Hatumii dawa yoyote, daktari. Huyu ni mtoto wa nyumba ya heshima. Hunywa zile za maumivu tu."

Daktari alisikia sehemu ya kwanza ya jibu, wala sidhani kwamba ile ya mwisho ilimfikia, kwa kuwa mama aliitamka akiwa amekwisha kumgeukia mgonjwa. Akaanza kuuliza kuhusu ile ajali ya Mei na iwapo kijana aliumia kichwa. Nami nilikuwepo. Nilijua idadi ya pakiti nilizonunua. Nilinyamaza kwa muda ambao mpaka leo sithubutu kuupima, kwa kuwa kusema kweli kungekuwa ni kukiri mbele ya mama kwamba mtoto wake "anatumia dawa" na kwamba mletaji ni mimi. Hatimaye nilimfuata daktari ukumbini na kumweleza. Alishusha pumzi na kusema kwamba hilo ndilo alilohitaji kulijua tangu mwanzo, kwa kuwa tramadoli ikizidishwa huleta mshtuko kama wa kifafa. Kipimo cha juu kabisa kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Mdogo wangu alikuwa amefikia 600.

Alipona. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asije akaisoma makala hii kama tanzia. Lakini nimelirudia swali la daktari na jibu la mama mara nyingi kichwani mwangu, kama tunavyorudia beti tunazotakiwa kuzichambua darasani, na kila mara nimeona kwamba hakuna aliyesema uongo. Daktari aliuliza kwa Kiswahili sanifu. Mama alijibu kwa Kiswahili sanifu. Baina yao lugha ikawaangusha.

Neno 'dawa' na utata wake

Katika Kiswahili chetu cha Kenya, kirai "kutumia dawa" kina maana mbili zinazopingana. Mgonjwa wa shinikizo la damu anatumia dawa, na huyo tunamsifu kwa kuwa mtiifu kwa daktari wake. Kijana wa jirani naye anatumia dawa, na huyo tunamzungumzia kwa kunong'ona. Katika hali ya kawaida muktadha hutusaidia kujua anayekusudiwa ni nani. Tatizo huzuka pale mtu mmoja anapokuwa wote wawili kwa wakati mmoja, kama alivyokuwa mdogo wangu: mgonjwa mwenye haki ya dawa, na mraibu wa dawa hiyo hiyo.

Darasani tumelishughulikia neno hili kwa namna yetu. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusahihishwa kwa kuandika "madawa ya kulevya" badala ya "dawa za kulevya"? Mjadala huo wa ngeli ni wa maana, nami sina nia ya kuudharau. Walakini, tumebishana juu ya kiambishi na kuyasahau yanayobebwa na nomino yenyewe. Tunapoambatisha sifa "za kulevya" tunamfanya msikilizaji aamini kwamba ziko dawa za aina mbili, kila moja katika ghala lake: zinazoponya na zinazolevya. Anayemeza tembe aliyoandikiwa na daktari hujiona yuko salama katika ghala la kwanza, hata anapomeza kumi na mbili kwa siku.

Sheria yetu ni aminifu zaidi kuliko mazungumzo yetu. Chombo kinachosimamia dawa humu nchini kinaitwa Bodi ya Famasia na Sumu, na sheria iliyokianzisha, Sura ya 244, inataja mambo hayo mawili pamoja katika anwani yake. Waliotunga jina hilo hawakuona haya kuiweka dawa na sumu chini ya paa moja, maana walijua kwamba mara nyingi kinachotenganisha hivi viwili ni kipimo. Ukweli huu hauhusu tembe kali peke yake. Parasetamoli, ambayo karibu kila nyumba inayo, huharibu ini ikizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kiholela kwa muda mrefu hutoboa tumbo na kudhuru figo. Hizi hazilevyi, kwa hivyo hazimo katika onyo letu la "dawa za kulevya", lakini wodi za hospitali zinazijua.

Kasumba ya kale na kasumba ya leo

Lugha yetu ilikuwa na neno. Leo ukimwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alieleze neno "kasumba", atakueleza habari za kasumba ya kikoloni, yaani fikra za kitumwa zilizopandikizwa akilini zikakataa kung'oka. Ni wachache watakaokuambia kwamba kasumba, kwa maana yake ya awali, ni afyuni: utomvu mkavu wa mpopi ambao watu waliuvuta au kuula. Sitiari imeishi na kitu chenyewe kikasahaulika. Vivyo hivyo "mihadarati", ambalo limetoka katika Kiarabu, mzizi wake unahusu kutia ganzi. Na "uraibu" zamani lilitaja mazoea kama ya tambuu na tumbaku kabla ya kuvishwa maana nzito tuliyo nayo leo. Wazee waliotumia maneno haya walikuwa wakieleza jambo walilolishuhudia, kwamba kinachokuondolea uchungu leo kinaweza kukufanya mtumwa wake kesho.

Kasumba hiyo ndiyo mama wa tembe tunazozizungumzia. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanakemia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitenga mofini kutoka katika afyuni. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Robiquet akatenga kodeini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi, jambo ambalo kijana anayedhani kwamba heroini ilizaliwa uchochoroni angefaa kulijua. Tramadoli haitolewi katika mpopi. Ilitengenezwa maabarani na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani na kuingia sokoni mwaka 1977. Hata hivyo kazi yake ni ya ukoo ule ule. Hufika kwenye vipokezi vya ubongo na kuzinyamazisha habari za maumivu, na juu ya hayo huongeza kemikali zinazobadilisha hali ya moyo. Ndiyo maana mtu aliyeimeza kwa ajili ya mguu huona na huzuni imepungua.

Ubongo nao haukubali kunyamazishwa bure. Siku zinavyopita, huzoea, na kipimo cha jana hakifanyi kazi ya jana. Mtumiaji huongeza. Akiacha ghafla, mwili humdai deni lake lote kwa pamoja: jasho, kamasi, kuhara, kukosa usingizi, maumivu ya viungo vyote. Vijana wa Pwani wana neno la hali hii, arosto, na mdogo wangu aliponieleza siku zake tatu za kwanza bila tembe, nilitambua kwamba neno hilo la mitaani lilikuwa sahihi kuliko fafanuzi nyingi za vitabuni. Alidhani mguu umerudi kuuma upya. Kumbe haukuwa mguu. Tembe hizi zikichanganywa na pombe, au na dawa za usingizi kama zile zinazoitwa bugizi huko Pwani, pumzi hupungua polepole hadi mtu akafa usingizini.

Fauka ya hayo, tunafaa kulizingatia umbo la jina lenyewe. Waingereza husema kwamba dawa hizi huua maumivu. Sisi twasema huyatuliza. Naona Kiswahili kimesema kweli zaidi. Kilichotulizwa hakijafa, na kikiamka chaweza kuwa na hasira.

Lawama ziende wapi?

Ni rahisi kuhitimisha kwamba vijana wa siku hizi wanapenda starehe. Hitimisho hilo halisimami mbele ya ushahidi. Tuanze na Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza tembe za OxyContin, na madaktari wakatiwa moyo waziandike kwa wagonjwa wa maumivu ya kawaida. Mwaka 2007 kampuni dada ya Purdue Frederick ilikiri mahakamani kosa la kupotosha kuhusu hatari za dawa hiyo, na mwaka 2020 Purdue yenyewe ikakiri makosa mengine ya jinai. Katika miezi 12 iliyoishia Aprili 2021, waliokufa nchini humo kwa kuzidisha dawa walipita 100,000. Wengi wa hao waliuawa na fentanili, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na tembe zilizotoka hospitalini, zikiwa na saini ya daktari.

Barani mwetu, mwaka 2018 serikali ya Nigeria ilipiga marufuku uagizaji na utengenezaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini, baada ya BBC kuonyesha jinsi zilivyokuwa zikiuzwa kwa vijana kwa njia za magendo. Februari 2025 shirika hilo hilo lilifichua tembe zilizochanganya tapentadoli na karisoprodoli, zilizokuwa zikitengenezwa India na kumwagwa katika masoko ya Afrika Magharibi, na serikali ya India ikalazimika kuzipiga marufuku. Katika visa vyote hivi kijana ndiye wa mwisho katika mnyororo mrefu: yuko aliyetengeneza, aliyesafirisha, aliyefumba macho bandarini, aliyeuza bila cheti. Na katika kisa chetu, yuko dada aliyekwenda dukani na pakiti tupu.

Kijana naye ana sababu zake. Mvulana wa mjengo anayebeba mawe kutwa hamezi tembe kwa starehe. Humeza ili kesho aamke abebe tena. Mwanafunzi anayefanya kazi usiku na kusoma mchana hutafuta kitu kitakachomwambia mwili wake unyamaze. Tunaishi katika zama zinazodai maumivu yaondoke upesi ili kazi iendelee, na hata tembe mojawapo mashuhuri humu nchini, ya aina ile isiyolevya, inaitwa kwa Kiswahili Mara Moja. Jina hilo ni muhtasari mzuri wa matarajio yetu sote.

Hata hivyo, lazima nitahadhari hapa, maana liko kosa jingine la upande wa pili. Wapo watakaosema kwamba dawa hizi zipigwe marufuku zote. Hao hawajakaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipoichunguza tramadoli mwaka 2018 haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa mikataba ya kimataifa, ikihofia kwamba wagonjwa wa nchi maskini wangekosa hata hicho kidogo. Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano bora. Tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikiwafikia wanaokufa kwa uchungu majumbani mwao, kwa bei nafuu na kwa uangalizi. Kwetu, Nairobi Hospice imekuwa ikiifanya kazi ya namna hiyo tangu mwaka 1990. Kwa hivyo anayestahili lawama si dawa. Tatizo ni dawa kutembea bila msimamizi.

Insha zetu na kijana asiyeonekana

Nikiwa mwalimu nimesahihisha insha nyingi juu ya "madhara ya dawa za kulevya". Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua insha hiyo. Mhusika wake huitwa jina la kejeli, huacha shule, hujiunga na kundi baya, macho yake huwa mekundu kama ngeu, nguo zake huwa matambara, na mwishoni hupatikana mtaroni au gerezani, ndipo methali ya asiyesikia la mkuu huchomekwa ili alama zipatikane. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi kuiandika hivyo, nami nikawapa alama. Jioni nilipita kwa kemisti.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu kama walimu na wanafasihi. Tumemchora mraibu kwa wino mmoja kwa muda mrefu mpaka asiyefanana na picha hiyo haonekani. Mdogo wangu alikuwa safi. Alikwenda kanisani. Alimsaidia mama kuosha vyombo. Hakuna hata alama moja ya insha iliyomwonekana, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemshuku, hata yeye mwenyewe hakujishuku. Fasihi ambayo kazi yake ni kutufumbua macho ilikuwa imetuvalisha miwani ya giza. Itakuwa faida kubwa iwapo waandishi chipukizi wanaosoma jarida hili watatupa mhusika wa namna nyingine: muuguzi anayemeza tembe za wagonjwa wake, mwanariadha asiyetaka kocha ajue, mama wa makamo ambaye mgongo umekuwa kisingizio. Hatuhitaji mahubiri zaidi. Tunahitaji kuonyeshwa watu.

Wajibu wetu

Je, wanakiswahili wafanye nini? Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tudai kwamba maelezo ya dawa yaandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hiyo, pamoja na kulindwa afya yake. Baada ya yale ya Oktoba nilizikusanya pakiti zote tulizokuwa nazo nyumbani. Kila moja ilikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nane, yenye maandishi ya Kiingereza madogo kama mchwa. Onyo kuhusu mshtuko wa kifafa lilikuwemo. Onyo la uraibu lilikuwemo. Mama yangu, anayesoma Biblia nzima kwa Kiswahili, hakuweza kulisoma hata moja. Na mimi niliyeweza sikuwahi kuikunjua karatasi ile.

Najua patakuwa na mpinzani atakayeuliza: iwapo mwalimu aliyejua Kiingereza hakusoma, Kiswahili kingeleta tofauti gani? Pingamizi hilo lina uzito. Jibu langu ni kwamba karatasi peke yake haitoshi, lakini sentensi moja ya herufi kubwa juu ya pakiti, isemayo kwa mfano "Dawa hii huleta uraibu. Usizidishe siku ulizoandikiwa", ingesomwa na mama kila alipofuta vumbi mezani. Mama angeuliza. Na mama akiuliza, mambo mengi hubadilika.

Pili, tuifanye kazi ya istilahi kwa bidii. Tunahitaji neno la matumizi ya dawa halali kwa njia isiyo halali, litakalomwezesha daktari kuuliza bila kumtukana mzazi. Kwa kuanzia, napendekeza tusirithi lile swali fupi la "anatumia dawa gani?" bali tuwafunze wanafunzi wa udaktari na uuguzi kuuliza kwa upana: "Amemeza nini leo na wiki hii, iwe ya hospitali, ya dukani au ya mitishamba, na kiasi gani?" Swali hilo halimhukumu mtu. Laiti lingeulizwa usiku ule, mama angelijibu bila kusita. Vyuo vyetu vina vitivo vya udaktari hatua chache kutoka idara za Kiswahili, na sijui ni nini kinachotuzuia kubisha hodi.

Tatu, chama chetu kiandae midahalo juu ya jambo hili katika mabweni yetu wenyewe kabla ya kwenda kuhubiri kwingine. Kila mmoja wetu anamfahamu mwanafunzi anayemeza kitu ili alale na kingine ili aamke. Tusimwendee kama polisi. Daktari aliyemhudumia mdogo wangu hakumwachisha tembe kwa siku moja. Alimpunguzia kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, akampa na mshauri nasaha. Anayetaka kumsaidia mwenzake ajue kwamba kumnyang'anya pakiti kwa ghafla kunaweza kumdhuru, na kwamba mlango wa kwanza ni wa hospitali.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba matumizi mabaya ya tembe za maumivu yamejificha nyuma ya neno lenye sura mbili, nyuma ya insha zenye mhusika mmoja, na nyuma ya karatasi zisizosomwa. Lugha haiwezi kuziba mianya yote. Wauzaji wasiodai cheti washughulikiwe na sheria, na wanaoingiza dawa kwa magendo vivyo hivyo. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulio upande wetu ni wa maneno.

Mdogo wangu alirudi chuoni, akamaliza masomo yake mwaka 2024. Chuma kingali mguuni, na siku za baridi humuuma. Huvumilia, au hunywa parasetamoli mbili na kulala. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Andika, dada. Ila usiniite teja. Kama huna neno jingine la kuniita, litafute."

Bado ninalitafuta. Ndiyo maana nimewaletea wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo watu wengi wanaoyajua maneno hukutana.